Sanamu Ikishazinduliwa: Kaunti, Manispaa na Sanaa ya Hadharani Malindi

Kando ya bahari mjini Malindi, kati ya rasi inakosimama Nguzo ya Vasco da Gama na bustani ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya utawala wa Mwingereza, mna kazi tatu za kumbukumbu ambazo hazikuagizwa na mtu mmoja, hazikujengwa kwa nia moja, wala hazikupata mlezi mmoja. Nguzo ni alama ya Wareno waliotia nanga hapa Aprili 1498, na msalaba wake wa jiwe wenye nembo ya Ureno umo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mnara wa kumkumbuka Henry, mwanamfalme wa Ureno aliyegharamia safari za mabaharia wa kwanza wa nchi hiyo katika pwani ya Afrika, ulisimamishwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Sanamu ya Mekatilili ilizinduliwa mwaka 2010, mwaka ambao Kenya iliadhimisha Siku ya Mashujaa kwa mara ya kwanza, na Bustani ya Uhuru ikapewa jina lake. Wakati huo mji ulikuwa na baraza lake la manispaa, ambalo lilimalizika ugatuzi ulipoanza mwaka 2013.

Tangu hapo kumekuwa na mazungumzo ya mara kwa mara, hasa miongoni mwa wasanii vijana na watu wa utalii, kwamba mji upate sanaa zaidi: sanamu kwenye mizunguko ya barabara, michoro kwenye kuta za shule na masoko, vinyago vikubwa ufukweni. Ni fikra nzuri. Ila kabla ya kuuliza tutaweka nini, inafaa tuulize serikali ya mji inapaswa kuisimamia sanaa hiyo kwa kiasi gani, na iache mkono wapi.

Kisheria jambo lenyewe limegawanyika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na kuzipa kaunti shughuli za kitamaduni, bustani, fukwe na sehemu za burudani. Kaunti hizo hizo zimepewa pia udhibiti wa matangazo ya nje. Malindi, kwa upande wake, ni manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na bodi yake hufanya kazi zile tu ambazo kaunti, yenye makao yake Kilifi, imeikabidhi. Kwa hiyo kazi ya sanaa inayosimama Malindi inaweza kuwa ya Nairobi, ya Kilifi au ya Malindi yenyewe, na ikipata ufa mwananchi hajui aende ofisi ipi.

Wanaotaka usimamizi mkali wana hoja nzito, na ya kwanza ni fedha. Philadelphia ulikuwa mji wa kwanza nchini Marekani, mwaka 1959, kuweka utaratibu wa kutenga asilimia moja ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa. Seattle ulifuata mwaka 1973 na Chicago mwaka 1978. Asilimia inapowekwa katika sheria, sanaa haitegemei tena hisani ya kiongozi aliyeamka vizuri siku hiyo. Lakini fedha hizo zikishakuwa za kudumu zinahitaji watu wa kuzijibia, ndiyo maana miji hiyo ilijikuta ikiunda kamati za kuchagua wasanii, ikiandika mikataba na kufungua rejista za kazi inazomiliki. Penye fedha ya umma pasipo daftari, hata mtu mwaminifu ataonekana mwizi.

Hoja ya pili tuliiona hapa hapa Kenya. Mwezi Agosti 2024, muda mfupi kabla ya Eldoret kutunukiwa hadhi ya jiji, sanamu zilizokusudiwa kuwaenzi wanariadha wa eneo hilo zilichekwa mitandaoni kwa jinsi zilivyokosa sura ya binadamu, na haukupita muda zikaondolewa. Watu walicheka, nami sitasema sikutabasamu, lakini kilichoonekana pale hakikuwa upungufu wa mchongaji peke yake. Mashindano yaliyotangazwa wazi, mfano mdogo wa udongo uliowekwa hadharani kwa wiki mbili, na watu watano wenye macho, vingetosha kuizuia aibu ile kabla saruji haijamwagwa.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Wasanii wengi husema, na wana haki ya kusema, kwamba serikali zetu zikiambiwa "simamieni" huelewa "katazeni" au "tozeni". Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe yenye urembo wa buluu. Wapo walioona mji umetakata. Wapo pia waliouliza kwa nini ladha ya ofisi moja iwe ladha ya kila mwenye nyumba. Agizo la namna hiyo ni rahisi kulitoa na rahisi kulikagua, kwa sababu afisa anatazama tu kama ukuta ni mweupe au la. Sanaa haikaguliki hivyo, na ofisi isiyojua kukagua sanaa itaivutia kwenye kile inachojua kukagua, yaani rangi, vipimo na risiti.

Chukulia mchoro wa ukutani. Duka lililopakwa kijani au nyekundu ya kampuni ya simu ni tangazo, na kaunti ina haki ya kulitoza. Ukuta wa shule ya msingi ambao kijana wa mtaani ameuchora samaki na jahazi si tangazo. Ugumu umo katikati: hoteli imemlipa kijana huyo huyo achore jahazi kwenye ukuta wake wa nje, na pembeni kwa herufi ndogo pana jina la hoteli. Afisa wa mapato ataliona jina kwanza. Kipimo ambacho ningekipendekeza ni chepesi: lifute jina kwa mawazo; kama picha bado ina maana yake, basi ni sanaa na isitozwe; kama kilichobaki ni ukuta wenye rangi tu, hilo lilikuwa tangazo. Kipimo hiki hakitamaliza mabishano yote, lakini kitampa kijana kitu cha kusema mbele ya kaunta.

Liko pia jambo la vigango, nguzo za kumbukumbu za Wagiriama, ambalo watu wa miji mingine hawana. Kigango huchongwa kwa mti mgumu, kichwa cha duara, mwili wa ubao mrefu uliokatwa nakshi za pembetatu, na husimamishwa boma kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Si sanaa ya hadharani kwa maana ya mjini, kwani hakikuwekwa kwa ajili ya mtazamaji. Kikishasimamishwa hakihamishwi, hakirekebishwi. Mvua na mchwa wakikimaliza, ndivyo inavyotakiwa. Vingi viliibwa na kuuzwa Ulaya na Marekani, na jumba la makumbusho la Denver, lililotangaza mwaka 2014 kwamba litarudisha vigango 30, liliona vinafika Kenya mwaka 2019. Serikali ina kazi hapa, nayo ni kuzuia wizi. Haina kazi ya kuviweka dawa, wala ya kuchonga nakala zake za kupamba mzunguko wa barabara bila ya wazee wa kaya, yaani makao matakatifu ya jadi, kuulizwa, hata kama watalii watazipenda. Sheria ya utunzaji itakayoandikwa kwa kunakili miji ya ng'ambo, ikisema kila kazi ipigwe rangi baada ya miaka kadhaa, itakuwa imekosea kwa Wagiriama kabla wino haujakauka.

Tukirudi kwenye sanaa ya mjini, naona pande zote mbili hubishana mno juu ya nani achague, zikisahau yanayofuata. Uchaguzi una njia zake tayari. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 haiilazimishi kaunti kununua sanamu kama inavyonunua mabati, kwa bei ya chini kabisa. Imetaja mashindano ya usanifu miongoni mwa taratibu za ununuzi. Kinachotakiwa ni afisa wa manunuzi aitumie njia hiyo, na kamati ya uteuzi iwe na wachongaji, walimu, wazee wa MADCA, chama cha utamaduni cha Malindi, ambao wamekuwa wakiendesha maadhimisho ya Mekatilili, na watu wa Makumbusho. Wawakilishi wa wadi wabaki na bajeti. (Tuseme kweli, hatukuwachagua kwa ujuzi wao wa kutofautisha shaba na saruji iliyopakwa rangi ya shaba.) Atakayepinga kwamba kamati ya wataalamu hukosa sauti ya watu ana haki, kwa hiyo mifano ya mwisho ioneshwe hadharani na maoni yaandikwe, ila kura ya mwisho isiwe ya makofi.

Kuhusu makofi upo mfano wa mbali. Mwaka 1981 serikali kuu ya Marekani iliweka katika uwanja wa ofisi zake New York ukuta wa chuma wa mchongaji Richard Serra, urefu wake zaidi ya mita 36. Wafanyakazi waliopita hapo kila siku walilalamika kwamba umewafungia njia. Kikao cha kusikiliza watu kikaitishwa mwaka 1985, wakazungumza 180. 122 walitaka ukuta ubaki na 58 walitaka uondoke, na bado jopo likaamua uondoke. Mwaka 1989 ulikatwa vipande. Waliotaka ubaki huusoma mkasa huu kama ukatili wa ofisi, na waliotaka uondoke huusoma kama kiburi cha wasanii. Mimi naona kosa lilikuwa la mpangilio: watumiaji wa uwanja walipata nafasi ya kusikilizwa kwa kina wakati chuma kimeshasimama, ambapo kila jibu lilikuwa lazima limuumize mtu.

Lakini kwetu hatari kubwa si sanamu kuondolewa kwa kelele. Ni sanamu kuachwa ijifie. Pwani ina adui ambaye Nairobi hana. Sanamu ya saruji huwa na nondo ndani. Hewa ya chumvi hupenya kwenye nyufa ndogo zisizoonekana, nondo zikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Saruji inasukumwa kutoka ndani, na siku moja kipande cha bega kinadondoka na doa la rangi ya kahawia linabaki pale. Fundi akija mapema anaifuta kutu, anapaka dawa, anaziba, na gharama yake ni ndogo. Akija baada ya miaka kumi, hakuna cha kutengeneza. Rangi ya mafuta kwenye ukuta unaoelekea bahari nayo hubanduka mapema, hasa ukuta ukiwa umejengwa kwa matumbawe yanayonyonya unyevunyevu. Mambo haya fundi yeyote wa Malindi anayajua. Lakini kwenye bajeti hayamo, kwa sababu hakuna kiongozi anayekata utepe wa kuziba ufa.

Hapa ndipo ninapoegemea upande wa usimamizi mkali bila kusita. Kaunti ilegeze mkono juu ya msanii anachosema katika kazi yake, na ikaze juu ya daftari. Rejista yenyewe haihitaji mfumo wa kompyuta wa mamilioni. Inahitaji jina la kazi na la aliyeifanya, mwaka, mali iliyotumika, nani anaimiliki, picha ya hali yake kila mwaka, na ofisi inayowajibika. Mikataba mipya itamke muda ambao msanii atadhamini kazi yake, na muda ambao manispaa itaitunza. Itamke pia haki ambazo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 tayari imempa, yaani kutajwa jina na kupinga kazi yake kuharibiwa, ili mchoro wa mtu usifunikwe kwa rangi usiku mmoja kwa sababu mgeni mkubwa anakuja.

Kuondoa nako kuwe na utaratibu. Wapo wanaosema mnara wa Henry ungolewe, kwa kuwa hakuna sababu ya mji wa Kiafrika kumtunzia heshima mtu ambaye mabaharia wake walifungua biashara ya kubeba watumwa kutoka Afrika Magharibi. Wapo wanaosema ubaki kwa kuwa nao ni historia, na watalii wanauliza. Mimi ningeuacha, na kuongeza karibu yake kibao chenye maelezo kamili kwa Kiswahili, pamoja na yale mabaya. Ila rai yangu ni moja tu, na nisingependa iamuliwe na mimi wala na afisa mmoja mwenye tingatinga. Tangazo litolewe, kikao kifanyike Malindi na si Kilifi, sababu ziandikwe, na uamuzi uweze kukatiwa rufaa.

Inabaki asilimia moja. Wasanii wengi wanaitaka kaunti ipitishe sheria kama ya Philadelphia, na ninaelewa hamu yao. Wapinzani watauliza kwa nini sanamu zitengewe fungu la lazima huku wakandarasi wakidai malipo ya kazi walizokwisha kumaliza na zahanati zikikosa dawa, na swali hilo halijibiki kwa kusema sanaa ni roho ya jamii. Kwa sasa ningependelea fungu dogo la matengenezo katika bajeti ya manispaa, lenye jina lake, lisiloweza kuhamishiwa sherehe za uzinduzi. Likitumika kwa miaka mitatu, na mkaguzi akiweza kuichukua rejista akatembea nayo mjini akakuta kila kilichoandikwa kipo na hali yake ndiyo iliyoandikwa, hapo Bunge la Kaunti litakuwa na msingi wa kuujadili mswada wa asilimia. Kabla ya hapo tutakuwa tunaongeza vitu vya kutunzwa kwa watu ambao bado hawajatuonesha wanatunza walivyonavyo.