Nimelipia Likizo, Nimepewa Lindo

Jamani, nyumbani kwangu mimi hakuna anayehangaika na mkufu wa Mama Zawadi. Unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango mwaka mzima, hakuna anayeujulia hali. Pasipoti zimo droo moja na betri zilizokufa na risiti za vitu tulivyokwisha kuvisahau. Lakini tupange fleti ya likizo sasa! Kabla ya mtu kuangalia kama maji yanatoka, familia nzima imeshakaa kikao cha dharura kujadili hoja moja: tunaficha wapi?

Hotelini angalau yupo mtu wa mapokezi wa kumnunia. Hapa mwenye nyumba ni ujumbe wa simu. "Karibuni sana, jisikieni mpo nyumbani," halafu chini yake namba ya kufungulia kile kiboksi cha funguo kilichogongelewa ukutani, nje, mbele ya kila mpita njia.

Hebu kiboksi chenyewe kiangalie kwa karibu. Vitufe kumi. Sita vinang'aa, havijaguswa tangu vitoke kiwandani. Vinne vimelika mpaka tarakimu hazisomeki. Mwizi ana haja gani ya kusomea kazi hapo? Tarakimu nne ukishazijua, namna za kuzipanga ni 24 tu, atamaliza kujaribu kabla sigara yake haijaisha. Na vipo viboksi vya vitufe ambavyo havijali hata umeanza na tarakimu ipi, mradi umezibonyeza zote. Sasa nauliza kwa upole: hiyo namba ilibadilishwa lini? Waliolala humu kabla yetu wanayo. Fundi bomba anayo. Mtu wa usafi anayo. Na ufunguo wenyewe ukishaushika, kuuchongesha mwenzake ni kazi ya dakika chache. Wenye nyumba waliofunga vitasa vya namba, kila mgeni anapewa yake na akiondoka inakufa, Mungu awazidishie. Nyinyi wengine mnatutafutia presha.

Ndani tukakuta sefu. Oh, shangwe! Mama Zawadi akaanza kuvua dhahabu papo hapo. Mimi nikaigusa kidogo ile sefu, nikaivuta, ikaja yote, nikaipakata kama mtoto mchanga. Nyuma ina matundu ya parafujo, yametobolewa vizuri kabisa kiwandani ili ikazwe kwenye ukuta au kabatini. Na parafujo zenyewe zimo ndani, kwenye kimfuko chao cha plastiki, hakijachanwa. Yaani mwenye nyumba alifika nusu ya safari akaona inatosha. Hiyo si sefu, huko ni kumfungashia mwizi mzigo ili asipate taabu ya kuzunguka vyumbani.

Shemeji, ambaye hajawahi kukutana na jambo asilolijua, akaongeza la kwake. "Shemeji, hizi sefu ndogo zina namba ya mkubwa. Mgeni akisahau yake, mwenye nyumba anafungua kwa hiyo." Ni kweli, na nyingi huuzwa namba hiyo ikiwa sifuri tupu, mnunuzi akitakiwa aibadilishe. Mtu aliyeshindwa kuchana mfuko wa parafujo atabadilisha namba? Nikajaribu sifuri. Mlango ukafunguka, tena kwa mlio wa furaha. Tukanyamaza wote.

Na namba yetu sisi? Mama Zawadi alichagua mwaka aliozaliwa Zawadi, ili asisahau. Zawadi ndiye aliyemkumbusha, kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi.

Basi tukarudi kwenye kuficha. Na katika kuficha kila mtu anajiona yeye ndiye wa kwanza duniani kuwaza friza. Friza, tangi la choo, chini ya godoro, ndani ya soksi, kwenye boksi la sabuni ya unga. Jamani, mwizi naye ana mama! Amekua akiona hela zinatolewa chini ya godoro. Chumba cha kulala ndiko anakoanzia, anajua tunavyopenda kulala na mali zetu. Shemeji akashauri tutawanye, asikute vyote mahali pamoja. Tukatawanya. Usiku nikaamka kutafuta maji baridi, nikamwaga barafu kwenye glasi, ikadondoka na noti.

Nikasema potelea mbali, tutafungia kwenye begi, begi lina kufuli. Kufuli lenye kile kialama chekundu cha almasi, ambalo wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani wana funguo zake kuu ili wasilazimike kulivunja. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post likachapisha picha ya funguo hizo, zimepangwa zinaonekana meno yote. Mwaka 2015 watu walikuwa wanazitoa kwa printa za 3D majumbani mwao. Na hata bila ufunguo, zipu ya begi inaachanishwa kwa ncha ya kalamu ya wino. Mtu anachokoa, anachukua, anarudisha vishikizo na kufuli lake mbele na nyuma, zipu inajifunga yenyewe. Wewe unafika nyumbani na kufuli salama salimini, unalisifia.

Kutoka nje nako ni mkutano. Mlango ukiuvuta tu unashikwa na ule ulimi wenye mteremko, ambao kadi ya plastiki inausukuma. Lazima uzungushe ufunguo mpaka komeo litoke. Kwa hiyo tukifika chini: "Baba Zawadi, ulizungusha?" Napanda. Nimezungusha. Nashuka. "Na mlango wa roshani?" Napanda. Ule wa roshani ni wa kuteleza, unaweza kuinuliwa kwenye reli yake, kwa hiyo nimeulazia mpini wa fagio. Kwa nini nyumba nzima ya kisasa inalindwa na fagio, mimi sijui, lakini ndicho kifaa pekee humo ninachokiamini.

Mniambie nina bima. Nimeisoma, ndiyo maana silali. Bima nyingi hutaka taarifa ya polisi, mara nyingi ndani ya saa 24, hutaka risiti, na hutaka dalili kwamba mlango ulivunjwa. Mlango ulivunjwa! Mwizi wetu ana namba ya kiboksi, ataingia kistaarabu, afunge na mlango asije akaingiza mbu. Hapo bima wanakuuliza, kwani aliingiaje? Nimefika mahali pa kutaka kumbandikia karatasi: Ndugu, ukija tafadhali vunja kidogo, hata kioo kimoja, mimi nina familia.

Kilichonisaidia mpaka sasa hakina ufahari wowote. Picha ya kila pasipoti, imehifadhiwa mbali na simu yenyewe. Namba ya utambulisho ya kila simu, ile ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, imeandikwa kwenye karatasi. Na dhahabu ibaki nyumbani. Hilo la mwisho nililitamka mara moja tu.

"Kwa hiyo hii dhahabu nilinunua nikaivalie kuoshea vyombo?"

Nikaenda kuangalia fagio.

Siku ya kuondoka ndiyo balaa, kwa sababu mwizi hakuja, na sasa tunajiibia wenyewe. Mtu wa usafi amesimama mlangoni na ndoo yake, saa ya kutoka imeshapita. Pasipoti zimetoka kwenye foronya. Mkufu umetoka kwenye kiatu cha shemeji, shemeji akiwa amekivaa. Chaja zote zimesahaulika ukutani, kwa sababu hakuna aliyezificha. Imebaki bahasha ya hela.

"Mama Zawadi, uliiweka wapi?"

"Mahali ambapo mwizi hawezi kupafikiria."

"Sawa, ndiyo wapi?"

"Baba Zawadi, ningekuwa napakumbuka, si hata yeye angepafikiria?"