Simujanja Ibebeshwe Kazi Zote?

Wapo wanaoamini kuwa simujanja haijatumika ipasavyo mpaka ichukue nafasi ya pochi, ramani, skana, daftari, hata ufunguo wa mlango. Wapo pia wanaosema simu ni ya kupiga na kupokea, mengine ni kujitafutia matatizo. Mimi niko karibu na kundi la kwanza, ila si kwa sababu wanazozitoa wao.

Wao hoja yao ni programu. App Store, duka la programu za iPhone, ilipofunguliwa Julai 2008 ilikuwa na programu 500 hivi. Leo zinahesabika kwa mamilioni, nasi tumezoea kudhani kila haja ina programu yake ya kupakua. Matokeo yake nafasi imejaa, arifa zinalia kutwa, na mwenye simu bado anapiga picha ya cheti kwa pembeni, kivuli cha mkono kikiwa juu yake, kisha anaituma hivyohivyo kwa mwajiri. Wakati skana anayo! Kwenye iPhone imo ndani ya Notes tangu 2017, na kwenye simu nyingi za Android imo ndani ya Google Drive. Hunyoosha kingo, hupunguza kivuli na kukupa faili la PDF.

Ramani nayo watu huiogopa kwa sababu ya bando. Simu hupata mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setelaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu ya dunia, na kupokea hakuli bando. Kinachokula bando ni kuishusha ramani yenyewe. Ipakue mapema ukiwa kwenye Wi-Fi, nayo itakuongoza hata mahali pasipo na mtandao. Utakosa habari za foleni, na huenda simu ikachelewa kidogo kujua ulipo, basi.

Vivyo hivyo TalkBack ya Android na VoiceOver ya iPhone, programu za kusoma skrini kwa sauti zilizotengenezwa kwa ajili ya wasioona: macho yakichoka, zinaweza kukusomea waraka mrefu. Na kibodi ya Bluetooth hufanya kuandika barua ndefu kusiwe adhabu ya vidole gumba.

Sasa hao wenye hofu. Wanachekwa bure, maana hoja yao ni nzito kuliko wanavyoieleza. Ukiibiwa simu, hukuibiwa simu tu. Namba za uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini iliyomo humo humo. Barua pepe ya kubadilishia nywila iko wazi humo humo. Picha nazo, wengi hudhani ziko salama kwa kuwa zimesawazishwa na akaunti ya mtandaoni, kumbe kusawazisha si kuhifadhi nakala: ukifuta picha kwenye simu, mara nyingi inafutika na kule. Na betri ikiisha, tiketi, ramani na hela vimezimika pamoja.

Ila kukataa kila kitu hakuwaokoi. Huyo asemaye yeye anapiga na kupokea tu, mara nyingi barua pepe yake imo kwenye simu na skrini haina hata nywila. Hatari anayo yote, faida hana.

Mimi hupima hivi: simu ikizimika sasa hivi, kazi hii inaweza kungoja hadi kesho? Kuskani, kusoma, kuandika, vyote vinangoja, kwa hiyo simu ivibebe bila wasiwasi. Pesa, njia ya kurudi usiku na akaunti zako haviwezi kungoja. Hivyo navyo viweke kwenye simu ukitaka, lakini kila kimoja kiwe na njia ya pili nje yake. Laini iwekee PIN, ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine na kupokea namba zako. Akaunti nyingi hutoa misimbo ya akiba, ya kuingilia usipokuwa na simu. Google hutoa 10, kila mmoja wa kutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi. Kuna watu huipiga picha na kuiacha ndani ya simu ileile.