Skuta Iliyobeba Fahali: Malalamiko ya Mweka Hazina

Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kazi yangu kubwa ni kudaiwa risiti. Pumba zina risiti, mashudu yana risiti, na juzi fahali wetu alipohamishiwa kijiji cha pili tulitakiwa kuonyesha kibali cha bwana mifugo, ingawa fahali mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya pikapu akimkodolea macho askari aliyetusimamisha. Ndiyo sababu nikisoma kashfa ya malisho ya jimbo la Bihar, nchini India, napata uchungu ambao mtu asiyefuga hawezi kuuelewa.

Huko, watu wa idara ya mifugo wakishirikiana na wazabuni na wanasiasa walichota katika hazina za serikali zaidi ya rupia bilioni 9, kwa ajili ya malisho, dawa na vifaa vya mifugo ambayo kwa sehemu kubwa iliishi kwenye makaratasi. Wachunguzi walipofuatilia namba za magari yaliyodaiwa kubeba mafahali kutoka Haryana na Delhi hadi Ranchi, mji uliokuwa wakati huo ndani ya Bihar, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, waligundua kwamba baadhi ya namba hizo zilikuwa za skuta na pikipiki. Naomba tusiharakishe hapa. Fahali akipakiwa kwenye skuta, anamshika dereva kiunoni kwa kwato zipi? Kofia yake ya usalama inatobolewa wapi ili pembe zipite? Na mhasibu aliyepitisha malipo hayo, ambaye mimi angenirudishia hati kwa kukosa nukta, alikuwa akitazama nini?

Hata hivyo, kwa upande wa matunzo, ng'ombe wa namna hiyo hana mfano. Hapigi ndoo teke, hashikwi na kupe, haingii katika mahindi ya jirani, na hata akichomwa sindano za mamilioni ya fedha hadhuriki, kwa kuwa hakuzaliwa. Kasoro yake ni kwamba hatoi maziwa, lakini yaelekea waliomfuga hawakuwa na haja na maziwa.

Mambo yaliharibika Januari 1996, pale Amit Khare, mkuu wa wilaya ya Singhbhum Magharibi, alipozipekua ofisi za idara hiyo mjini Chaibasa. Uchunguzi ukapanda hadi kwa Waziri Kiongozi wa jimbo, Lalu Prasad Yadav, ambaye kwa asili anatoka katika jamii ya wafugaji na kwa hiyo ng'ombe halisi alikuwa akimjua vizuri. Hukumu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2013: kifungo cha miaka mitano, na kiti chake bungeni kikapotea. Ndama aliyezaliwa siku ya upekuzi, kama angekuwa wa kweli, angekuwa amekwisha kufa kwa uzee. Katikati ya safari hiyo ndefu ya mahakamani, Lalu alipata nafasi ya kuwa Waziri wa Reli wa India nzima, kuanzia 2004 hadi 2009, wizara ambayo angalau ina mabehewa yanayoweza kubeba fahali. Hukumu nyingine zilifuata, ikiwemo ile ya Februari 2022 kuhusu hazina ya serikali ya Doranda, mtaa wa Ranchi, zikifuatwa na rufaa na dhamana.

Kilichoniletea matata nyumbani, lakini, ni habari ya Julai 1997. Alipoona kukamatwa kunakaribia, Lalu alijiuzulu, na uwaziri kiongozi ukachukuliwa na mkewe, Rabri Devi, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa kisiasa. Nilimsimulia mke wangu kisa hicho kwa hasira ya mlipakodi, nikitarajia tulaani ufisadi pamoja. Aliendelea kuchambua mchicha wake kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu zote:

"Baba Asha, na wewe huko kwenye kikundi unakamatwa lini?"