Vipande Havirudi Kuwa Sahani

Ukuta wa kanisa letu unaotazama barabara ulikaa muda mrefu bila mtu kuujali. Sasa kikundi cha akina mama na vijana kinaufunika kwa mozaiki, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, ya vyombo vilivyovunjika: sahani, vikombe, vigae vya sakafu, vyungu vya maua. Tangazo lilikuwa fupi: leta kilichovunjika nyumbani kwako, uwe muumini wetu au usiwe. Vyombo vilikuja, na kila kimoja kikaja na maelezo yake. Watu walitaka kusema kikombe kilikuwa cha nani, na kilivunjika siku gani, na ni nani aliyekivunja.

Nimekuwa nikishiriki kazi hii, na imenifanya niyasikilize kwa makini zaidi mahubiri yetu kuhusu urejesho. Tunapenda sana Yoeli 2:25, ile ahadi ya kurudishiwa miaka iliyoliwa na nzige. Tunaihubiri kana kwamba Mungu atarudisha saa nyuma, ndoa iwe kama ilivyokuwa, na marehemu aache kutuuma moyoni. Lakini ukiisoma sura ile yote, kinachotolewa ni nafaka, divai, mafuta, shibe, na watu kutoaibika tena. Miaka yenyewe haikurudi. Walichopewa kilikuwa kipya, na kilikuwa kikubwa, ila kiliwakuta wakiwa watu walioshaona njaa. Naamini tunawaumiza wengi tunapowaahidi kitu ambacho andiko lenyewe halikuahidi. Wanarudi nyumbani wakidhani imani yao ni ndogo, kwa sababu sahani haijaungana.

Kwenye mozaiki hakuna anayejaribu kuunganisha sahani. Unaifunga kwenye kitambaa, unaigonga kwa nyundo, unavaa miwani ya kinga na kupunguza kingo kwa koleo, kisha unatafuta mahali pake pengine kabisa. Fundi anayetusimamia alisisitiza jambo moja tangu mwanzo: tusivibananishe vipande. Lazima kuwe na mwanya kati ya kimoja na kingine, ili grauti, yaani mchanganyiko laini wa kujazia mianya, ipite, ishike na kuziba. Tukivibana hadi vigusane, grauti haiingii vizuri, maji ya mvua yanapenya nyuma, na baada ya muda vipande vinaanza kubanduka. Baadhi yetu tulitamani picha isiyo na mistari, safi kama iliyochorwa kwa brashi. Mimi nafurahi kwamba mistari itaonekana.

Nehemia, aliyeongoza kujengwa upya kwa ukuta wa Yerusalemu, angeielewa kazi yetu. Sanbalati, mpinzani wa kazi ile, alipowadhihaki Wayahudi, aliuliza kama watayafufua mawe kutoka kwenye vifusi, nayo yameungua. Dhihaka ile ilikuwa na ukweli ndani yake, maana mawe ya chokaa yakipata moto mkali hupasuka na kudhoofika. Wakajenga hivyo hivyo. Na sura ya 3, ambayo wengi huiruka kwa sababu ya majina yake, kwangu ndiyo tamu kuliko zote: Uzieli mfua dhahabu, Hanania mtengeneza manukato, Shalumu akiwa na binti zake, na wengine kadhaa waliojenga kipande kilichokuwa mbele ya nyumba zao wenyewe. Wakubwa wa Tekoa hawakutia shingo kazini, na hilo nalo limeandikwa. Hakuna aliyeletewa ukuta uliokamilika. Kwa sababu hiyo nilipinga wazo la kuajiri msanii mmoja atufanyie kazi yote ipendeze haraka. Fundi atufundishe, ndiyo, lakini kipande cha kikombe cha marehemu kibandikwe na mkono wa aliyekileta.

Kuna swali gumu ambalo halikuwamo kwenye mipango yetu: vipi kuhusu aliyevunja? Baadhi ya vyombo vilivunjwa kwa hasira, na wakati mwingine aliyevunja ndiye aliyeleta. Hapa naona makanisa mawili ya Ulaya yana la kutufundisha. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliliteketeza Kanisa Kuu la Coventry, Uingereza. Jipya lilipowekwa wakfu mwaka 1962, magofu yalikuwa yameachwa yasimame ubavuni mwake, na yamesimama hadi leo. Ukutani, nyuma ya madhabahu ya zamani, yamechongwa maneno mawili, “Baba, samehe”, bila kutaja nani asamehewe. Dresden, Ujerumani, kanisa la Frauenkirche liliporomoka baada ya mashambulizi ya Februari 1945 na kubaki kifusi kwa miongo kadhaa. Lilijengwa upya na kuwekwa wakfu mwaka 2005, na mawe ya zamani yaliyogeuka meusi yamewekwa katikati ya mapya, kila mtu anayaona. Msalaba wa juu ya kuba ulitengenezwa Uingereza, na mmoja wa mafundi wake alikuwa mtoto wa rubani aliyeshiriki kuupiga mji huo mabomu. Mkono wa upande uliovunja ukapewa kazi ya kujenga. Hata hivyo, asilazimishwe mtu. Aliyeumizwa ndiye wa kuamua kama kipande chake kitakaa karibu na cha yule aliyemuumiza, na akisema hapana, kikundi kisimwite mgumu wa moyo.

Sasa kamati inaandaa ratiba ya siku ya uzinduzi. Nimeiona: nyimbo za shangwe, shukrani, picha ya pamoja. Naomba jambo moja liongezwe. Ezra 3 inasimulia siku msingi wa hekalu la pili ulipowekwa. Wengi walipiga kelele za furaha, na wazee walioliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kutofautisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio. Hakuna kuhani aliyewanyamazisha wazee wale, wala nabii aliyewaambia wanakosa shukrani. Kilio chao kiliingia kwenye ibada, na ibada ikaendelea. Sisi huwa tunawapa waliao kiti cha nyuma na kitambaa. Siku hiyo sura hiyo isomwe yote, mstari wa 12 usirukwe, na baada ya somo mtu yeyote aliyeleta chombo apewe muda wa kusema kilikuwa cha nani, hata kama atashindwa kumaliza. Nyimbo za shangwe zitasubiri.