Mabati 20 na cherehani

Kila mwezi wa nane, shule zikifunguliwa, sisi wa jikoni tunaitwa maktaba, tunakalishwa mbele ya kompyuta na kufundishwa kuripoti. Mimi napika na kugawa chakula katika shule ya msingi hapa Oakland, California. Sifundishi, sitibu, sina ofisi. Lakini sheria ya jimbo hili inanihesabu pamoja na walimu, manesi na madaktari: nikiwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, napaswa kupiga simu mara moja kwa polisi au ustawi wa watoto, kisha niandike taarifa ndani ya saa 36. Nikinyamaza, mkosaji ni mimi. Naweza kufungwa hadi miezi sita, au kutozwa faini ya hadi dola 1,000, au vyote viwili.

Mwaka 2025 nilikwenda nimenuna. Masufuria yananisubiri, mafunzo ni yaleyale, maswali nayajua. Kisha likaja hili: umemweleza mkuu wako wa kazi, naye amekwambia subiri kwanza tulizungumze hapa ndani. Je, wajibu wako umekwisha? Nikabonyeza hapana. Ndilo jibu sahihi, kwa sababu sheria inasema wajibu ni wa mtu binafsi na hakuna mkubwa wa kazi anayeruhusiwa kuuzuia. Kompyuta ikanitaka niendelee na swali linalofuata. Sikuweza. Asubuhi ileile, kabla sijapanda basi, kundi la WhatsApp la familia yetu huko nyumbani Tanzania lilikuwa limeniletea ujumbe: kuna jambo la mtoto, wazee wanakaa Jumapili kulimaliza, kila mmoja atoe mchango wake.

Mnaosoma mnajua ni jambo gani. Mnajua hata lugha yake. "Jambo." "Limetokea." "Tulimalize."

Basi ninalopanda, 1T, linapita International Boulevard. Alfajiri unaweza kuwaona mabinti wamesimama pembeni ya barabara, na wapo ambao ukiwatazama usoni unaona kabisa kwamba saa ile walipaswa kuwa wanatafuta daftari wakimbilie shule. Magari yanapunguza mwendo. Abiria wa basi tunatazama simu zetu. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Gavana Gavin Newsom alikuwa ametia saini sheria inayowagusa wanaopunguza mwendo wale, na safari ya sheria hiyo nilikuwa nimeifuata kama wengine wanavyofuata Simba na Yanga.

Kwangu ilianza 2023. Seneta Shannon Grove wa hapa California alipeleka muswada uliotaka kosa la kuuza watoto katika biashara ya ngono lihesabiwe miongoni mwa makosa mazito, ili anayerudia aangukie kwenye ile sheria ya makosa matatu, ambako kosa la tatu linaweza kumpa mtu miaka 25 hadi maisha. Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga. Ulipofika kwenye kamati ya usalama wa umma ya Bunge la chini, Julai 11, wajumbe wawili walisema ndiyo. Sita hawakupiga kura. Hawakusema hapana, walikaa kimya tu, na muswada ukakwama palepale. Lakini kimya chao kiliandikwa, jina kwa jina, na kila mwananchi akaona nani amenyamaza. Makelele yakawa makubwa, gavana mwenyewe akaingilia, na siku mbili baadaye kamati ileile ikakaa tena ikaupitisha. Septemba ukatiwa saini.

Halafu 2025. Mbunge Maggy Krell, aliyewahi kuendesha mashtaka ya kesi za namna hii, akataka anayemnunua mtoto wa miaka 16 au 17 ashtakiwe kwa kosa kubwa la jinai, kama ilivyokuwa imeamuliwa mwaka uliotangulia kwa walio chini ya miaka 16. Wenzake wa chama chake mwenyewe wakakinyofoa kifungu hicho, na jina lake likaondolewa kwenye muswada alioubuni. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, nami sitawasingizia: walihofia kijana wa miaka 18 au 19 aliye na mpenzi wa miaka 17 asije akabebeshwa kosa la muuza watu. Walibishana hadharani, magazeti yakaandika, kifungu kikarudi na sharti kwamba kimguse anayemzidi mtoto kwa zaidi ya miaka mitatu. Nilifurahi peke yangu ndani ya basi. Sikuwa na wa kumwambia.

Sasa hapa ndipo mtu wa nyumbani anaponikatisha. Nakusikia, kaka. "Yaani Marekani mpaka 2025 ndiyo wanajadili kama kumnunua mtoto wa miaka 16 ni kosa kubwa? Sisi tulishamaliza 1998!" Ni kweli, na naomba niliseme kwa fahari kabla hujalisema kwa hasira. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilikuwa kali kuliko nyingi. Kumbaka mtoto ni miaka isiyopungua 30. Aliye chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Mwaka 2016 tukaongeza: anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi, miaka 30. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii aliye na taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azipeleke kwa serikali ya eneo lake. Kila mwanajamii, siyo mpishi wa shule peke yake. Tuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Tuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Na tulikuwa na ujasiri wa kujichunguza: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na serikali ikayatoa matokeo hadharani. Sitaki mtu yeyote, Mzungu au Mswahili, aniambie kwamba kwetu hakuna sheria.

Kwa hiyo siwezi kusema wenzetu wana makali kutuzidi. Kinachoniliza ni kikao, kile cha wazee kulimaliza jambo nyumbani.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili, Tanga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na msichana wa kazi aliyeletwa kutoka Lushoto, umri wake miaka 13. Aliyemharibu alikuwa mdogo wake mwenye nyumba. Kikao kilikaa sebuleni kwetu kwa sababu baba yangu aliheshimika mtaani na watu walimwamini kwa busara. Alikuja mjumbe, akaja baba wa mtoto kutoka mlimani na kofia yake mkononi, wakaja wazee wa upande wa pili. Mama akanituma chai na maandazi. Msichana mwenyewe hakuwa sebuleni. Alikuwa jikoni na mimi, akinisaidia kupanga vikombe kwenye sinia.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipoingia na sinia, wanaume walishusha sauti, wakasubiri nitoke. Lakini nilisikia neno moja: miaka thelathini. Sheria ilikuwa na umri wa miaka mitano tu na tayari ilikuwa imefika sebuleni kwetu, na ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna mbunge aliyeikusudia. Ilikuwa inapandisha bei. Upande wa mtoto waliitaja ili mabati yaongezeke. Yakatoka 12 yakawa 20, na cherehani moja kwa ajili ya binti "aanze maisha". Wakashikana mikono, dua ikasomwa. Kesho yake alipanda gari la Lushoto na cherehani yake imefungwa kwa kamba juu ya keria.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba amemsaidia maskini ambaye mahakamani angetoka mikono mitupu, na amemwokoa kijana wa jirani asiozee gerezani, na mtaa umebaki na amani. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo. Waliokaa pale wote walikuwa watu wema.

Tumekuwa tukiongeza adhabu kana kwamba tatizo ni kwamba miaka haitoshi. Lakini mhalifu wa mtoto kwetu mara nyingi ni mjomba, ni mlezi, ni anayelipa ada za watoto watatu. Ukimwambia shangazi kwamba akienda kituoni mume wake atafungwa miaka 30, shangazi anapiga hesabu ya unga, anakaa kimya. Adhabu ikipanda na kikao kikabaki palepale, familia inaogopa zaidi kuripoti na mwenye hela anaongeza dau. Kisha kesi ikibahatika kufika mahakamani, shahidi haonekani. Mtoto kahamishiwa kwa bibi. Jalada linafungwa.

Jirani yangu hapa ni Mkenya, mtu wa Busia. Nilipomsimulia, alinikumbusha ya kwao mwaka 2013: binti wa miaka 16 aliyebakwa na kundi la vijana, na polisi wakawapa watuhumiwa adhabu ya kufyeka nyasi za kituo. Kenya ilikuwa na Sheria ya Makosa ya Ngono tangu 2006, kali kama yetu. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja duniani watie saini malalamiko ndipo kesi ikasukumwa, na 2015 watatu wakahukumiwa miaka 15. Binti yule alihitaji watu milioni moja apate kile ambacho karatasi ilikuwa imemwahidi tangu akiwa mtoto mdogo.

"Umekuwa Mzungu." Hili nimeambiwa na mtu wa damu yangu, siyo wa kufikirika. Haya, tuzungumze kuhusu Wazungu. Mwaka 2008, Florida, tajiri Jeffrey Epstein alikiri makosa mawili, moja likihusu mtoto, akatumikia takriban miezi 13 huku akiruhusiwa kutoka kwenda ofisini mchana. Kile nacho kilikuwa kikao. Hakikuwa na mabati, kilikuwa na mawakili. Na hii California ninayoisifu, sheria yake ya ndoa haina umri wa chini kabisa: mzazi akiridhia na hakimu akikubali, mtoto anaolewa. Nayajua haya kwa sababu naishi hapa na nasoma. Wale mabinti wa International Boulevard wapo bado, licha ya sheria mpya. Sijaja kuwauzia pepo.

Na kama ni ndoa, sisi tuna la kwetu. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikasema tena 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 14 au 15 vinavunja Katiba, virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, ukapita na mwingine. Binti mmoja wa Kitanzania alitembea na hoja yake hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Msiniambie kupiga kelele ni utamaduni wa kigeni.

Wapo watakaosema ni rahisi kunena ukiwa mbali, una dola, huishi na watu hao, hutakutana nao kisimani wala msibani. Hili linaniuma kwa sababu lina ukweli. Mdogo wangu, ambaye yule mtoto wa kwenye ujumbe yuko kwake, akienda kituoni, ndiye atakayenyimwa salamu na mama mkwe, siyo mimi. Mimi kazini nikipiga simu, jina langu linalindwa na sheria, na hakuna anayekuja kunigongea mlango kuniuliza kwa nini nimeivunja familia. Ujasiri wangu hapa ni wa bei nafuu, na wake una gharama. Ndiyo maana simtumii mawaidha.

Nilirudi jikoni siku ile nikiwa nimechelewa, cheti cha mafunzo kimechapishwa mkononi. Wakati wa mapumziko nikawaandikia kwenye kundi. Nikasema mchango sitoi. Shangazi mkubwa akajibu kwamba nimewasahau walionisomesha. Baba mdogo akaandika kwamba mambo ya wakubwa yana wakubwa. Kuna aliyeniuliza kama nataka ukoo ufe. Kisha kimya, ile alama ya kuonyesha kwamba wamesoma, mmoja baada ya mwingine, watu 41.

Usiku nikampigia mdogo wangu peke yake. Tuliongea muda mrefu, na nusu ya muda huo hakuna aliyesema neno. Akaniuliza PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa kituoni au hospitali. Nikamwambia aanzie kituoni, aulize Dawati, na kama akizungushwa apige 116. Akasema mtoto amelala, kesho ataamka mapema. Nikamtumia nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili, na nyingine ya kuweka kando kwa ajili ya shahidi, siku kesi itakapoitwa.