Basi kwanza, prosesa baadaye

Kuna mchoro wa kompyuta ya kujiundia unaosifiwa kila ninapopita siku hizi. Z80 (prosesa ya Zilog), kadi za kuchomeka, "moduli kwa asilimia mia". Nikaufungua kwa hamu, nikaufunga nimekunja uso. Ule ubao wa kuchomekea kadi, yaani basi la nyaya linalounganisha kadi zote, ni miguu 40 ya Z80 tu, imenyooshwa kutoka sloti ya kwanza hadi ya mwisho kwa mpangilio uleule wa kwenye chipu. Hakuna aliyesanifu kitu hapo. Mtu amerefusha nyaya.

Najua mtanirushia RC2014, ile kompyuta ya Z80 ya kujiundia kwa kadi. Haya, nakubali: nayo hupitisha ishara za Z80 karibu kama zilivyo, inafanya kazi, na imewaingiza watu wengi kwenye ulevi huu wetu. Lakini angalau pini zake zilipangwa upya na mtu aliyefikiria kadi, na zimeachwa nyingine za mtumiaji kujiamulia. Huyu wetu hakufikiria kadi hata moja.

Chukua RFSH, ishara ya Z80 ya kuhuisha kumbukumbu. Z80 ikishasoma kila amri hutoa anwani ya kuhuisha RAM dainamiki (kumbukumbu inayosahau isipohuishwa), na MREQ, ishara ya kuita kumbukumbu, hushuka pamoja nayo. Mwaka 1976 hiyo ilikuwa akili kubwa, maana RAM tuli ilikuwa ghali. Leo chipu moja ya RAM tuli ya KB 512 inazidi mara 8 nafasi yote ya anwani ambayo Z80 inaiona, na haihitaji kuhuishwa na mtu. Lakini RFSH imepewa pini yake kwenye kila sloti, kama mzee wa heshima asiye na kazi. Halafu kadi ya kumbukumbu inayotazama MREQ peke yake inadhani imeitwa kumbe hakuna aliyeiita.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, ng'oa ROM (kumbukumbu ya kudumu) na RAM, vuta laini nane za data hadi graundi (volti sifuri) kwa rezista. Z80 itasoma 00, yaani NOP, amri ya kutofanya lolote, bila kikomo, huku anwani zikijihesabu zenyewe. Panga taa kwenye laini za anwani. Tumia Z80 ya CMOS, maana hiyo haijali mapigo ya saa yakienda polepole au yakisimama kabisa, kisha bonyeza pigo mojamoja. Anwani ikishapita 127, utaona taa kuanzia A7 kwenda juu zinazimika katikati ya kila amri, halafu zinarudi. Huo ndio uhuishaji: rejista ya I (kihifadhi kidogo ndani ya Z80) imewekwa kwenye nusu ya juu ya anwani, na baada ya riseti I ni sifuri. Ni jambo la kupendeza mno kulitazama. Ni siri ya ndani ya Z80, na kadi ya serial (ya mawasiliano) haina sababu ya kuijua.

Tulishapita hapa. Kompyuta ya Altair 8800 ya mwaka 1975 ilimwaga ishara za prosesa yake, Intel 8080, kwenye pini 100, data ya kuingia laini 8, ya kutoka laini 8 nyingine. Basi hilo likapendwa, likaitwa S-100, na waliokuja na kadi za Z80 wakalazimika kuiigiza 8080 ili kadi za wenzao zielewe. Ilibidi ifike 1983 ndipo kikatoka kiwango rasmi, IEEE 696, na bado harufu ya 8080 ilikuwa imebaki mle.

Sasa tazama Apple II, 1977. Mbunifu wake, Wozniak, aliweka sloti 8, na ubao mama wenyewe ndio unaofasiri anwani: kila sloti ina waya wake unaosema "umeitwa wewe", na anwani 16 zake. Hakuna kuhangaika na jampa (vibanio vya kuchagulia anwani), hakuna kadi mbili kugombea mlango mmoja. Ndiyo, mapigo ya saa ya prosesa yake, 6502, yamo kwenye sloti zile, sitajifanya hayamo. Lakini mwaka 1980 Microsoft walileta SoftCard, Z80 nzima juu ya kadi. Ikachomekwa kwenye mashine ya 6502, ikaliteka basi, ikahamisha anwani kidogo, ikaendesha mfumo endeshi wa CP/M. Hiyo ndiyo moduli. Sisi, na chipu ya 74HC138 ya kutoa laini 8 za kuchagua sloti, tunashindwa nini?

Zilog walipotangaza mwaka 2024 kwamba wanasitisha Z84C00, ile Z80 ya CMOS, watu walinunua chipu za kujaza droo kana kwamba njaa inakuja. Mwenye basi lisilofungwa kwa prosesa moja angechora kadi ya 65C02, ile 6502 ya CMOS, ambayo kampuni ya WDC bado wanaitengeneza, kisha akalala usingizi wake.

Mengine nayapitia haraka. Z80 huanzia anwani 0000 na CP/M inataka RAM hapohapo, kwa hiyo ROM lazima iweze kujiondoa. Mchoro hausemi lolote. Mnyororo wa IEI na IEO, unaopanga kadi ipi ianze kukatiza prosesa, haumo kabisa, maana Z80 yenyewe haina miguu hiyo. Na wewe unayesema "si uendeshe emuleta tu" (programu ya kuigiza kompyuta), endesha, hujakatazwa.

Halafu graundi. Z80 ina mguu mmoja tu wa graundi, ule wa 29, na mchoro umeurithi: graundi moja kwa kila sloti. Laini nane za data zikishuka kwa pamoja, mkondo wote wa kadi unapigania kurudi kwenye pini hiyo moja, na kapasita ya nF 100 kando ya chipu haitamaliza ugomvi huo. Wekeni graundi nne au tano, mzitawanye katikati ya ishara, na waya wa saa ukae katikati ya mbili. Mkiuliza nafasi itatoka wapi, anzeni kwa kufuta RFSH.