Nusu saa ya filta ya dizeli, nani ailipe?

Mvua za kwanza zikishanyesha Usangu, bonde letu la mpunga mkoani Mbeya, trekta ndogo hazilali. Kuanzia Igurusi mpaka Ubaruku utasikia injini usiku na mchana, rotaveta, zile mashine za visu vinavyozunguka nyuma ya trekta, zinavuruga majaruba, na kwenye kingo wamesimama watu watatu wanne wanaosubiri zamu. Kila mmoja anahofia maji ya mfereji yasije yakahamishiwa kwa wengine kabla jaruba lake halijavurugwa. Ilikuwa siku za namna hiyo trekta yangu, Kubota ya nguvu farasi 45, ilipoanza kuchoka. Barabarani ilikwenda vizuri. Ukishusha rotaveta kwenye tope, mlio unashuka, injini inasinzia, inazima. Ukiiacha dakika kumi, inawaka kama haikuwa na neno.

Fundi aliyeitwa na dereva wangu alifungua kikombe cha filta ya mafuta, akaitoa filta, akaitoboa kwa bisibisi, akairudisha. Trekta ikanguruma. Kazi ikaendelea, nami nikamlipa kwa moyo mweupe kwa sababu sikuwepo shambani na sikujua alichofanya. Nilikuja kujua msimu uliofuata, trekta ilipoanza kuwaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi mweupe. Nozeli, zile zinazoingiza mafuta ndani ya injini, zilikuwa zinadondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu, na pampu ilikuwa imechubuka ndani. Ilibidi vyote vishushwe na kupelekwa Mbeya mjini kwa watu wa pampu. Fedha niliyolipa huko ingeninunulia filta za maisha yote ya trekta ile.

Tangu hapo nimelifikiria sana jambo hili, na maoni yangu si yale ninayoyasikia kila siku kwamba madereva wetu hawana elimu. Dereva wangu alijua filta ni nini. Alijua imeziba. Lakini namlipa kwa ekari. Akisimama nusu saa kubadilisha filta, hiyo nusu saa haina mwenye kuilipa: mimi siilipi, mkulima anayesubiri hailipi, na yeye anapoteza kipande cha ekari. Tukiweka malipo hivyo, tumemwambia dereva bila kutamka neno kwamba filta isiguswe mpaka trekta izime. Na ikizima katikati ya jaruba, watu wamesimama pale, atachagua bisibisi.

Tuseme basi kile kichujio cha karatasi kinalinda nini. Ndani ya pampu ya dizeli na kwenye nozeli kuna vyuma viwili vinavyotelezeana, na nafasi kati yao ni mikroni chache tu, yaani ukiigawa milimita moja mara elfu, ni vipande vichache tu kati ya hivyo. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Kwa hiyo vumbi usiloliona kwa macho, kwa vyuma vile ni kokoto. Isitoshe, pampu nyingi za trekta ndogo zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Maji yakiingia, ulainishaji unakatika, kutu inaanza, na pampu inaweza kukwama kabisa.

Sasa angalia dizeli yetu inavyofika shambani. Inatoka kituoni kwenye dumu, dumu linafungwa kwenye bodaboda, mfuniko ni mfuko wa nailoni, na linakaa kwenye tope kando ya trekta. Mafuta yanamiminwa kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Vumbi na maji vitaachaje kuingia? Kitabu cha trekta yangu kinasema filta ikaguliwe kila saa 100 na ibadilishwe kila saa 400, na wengi tunalisoma hilo kama "mara moja kwa mwaka" kwa sababu ndivyo tulivyozoea sevisi. Lakini trekta inayofanya kazi saa 10 kwa siku inafikisha saa 400 kwa siku 40. Huo ni msimu mmoja, na pengine haujaisha. Mimi kwa dumu zetu hizi sisubiri 400. Nabadilisha kila saa 200, na sijajuta.

Kuna jambo la kutofautisha ambalo limenisaidia. Filta ya hewa ikiziba, injini inatoa moshi mweusi kwa sababu mafuta ni mengi na hewa haitoshi. Filta ya mafuta ikiziba hakuna moshi mweusi, nguvu tu zinakwisha, hasa chini ya mzigo. Ukijua hilo hutanunua kitu usichokihitaji.

Kubadilisha kwenyewe, kwa trekta yenye kikombe kama yangu, hakuhitaji hata spana nyingi. Simamisha mahali tambarare, zima, acha ipoe. Halafu fanya kile ambacho karibu kila mtu anakiruka: safisha nje ya kikombe na eneo lote la juu yake kwa kitambaa na brashi kabla hujafungua chochote. Tope lililokauka pale juu likidondokea ndani wakati filta imetolewa, umelipeleka kwenye pampu kwa mkono wako. Funga koki, weka chombo chini, zungusha pete inayoshika kikombe, kishushe taratibu bila kukimwaga.

Hapo simama utazame. Kikombe kinakueleza habari za tangi lako. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakuwa chini, yamejikunja matone ya duara. Unga wa kahawia ni kutu, mara nyingi ya tangi au ya pipa. Ute mweusi unaoteleza ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana, na ukiuona, filta peke yake haitakuokoa. Tangi lishushwe lisafishwe.

Osha kikombe kwa dizeli safi. Filta ya zamani usiioshe. Najua wengi wanaiosha kwa petroli na kuipuliza kwa kompresa, inaonekana nyeupe, wanairudisha. Upepo wa kompresa unapasua karatasi kwa matundu usiyoyaona, na umefanya kile kile cha bisibisi kwa njia inayoonekana ya usafi. Weka mpya, na oringi mpya (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) ikiwa imekuja nayo, iliyopakwa dizeli kidogo ili isijikunje. Kaza kwa mkono. Aliye na filta ya kopo, ile inayofungwa nzima, asiijaze kwa dizeli ya dumu kupitia tundu la kati, kwa sababu tundu lile ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa.

Kisha utoe upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Fungua koki, legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, subiri mapovu yaishe na dizeli itoke imenyooka, kaza. Zenye pampu ya umeme, washa swichi bila kupiga stata, iache isukume. Ikigoma kuwaka, legeza nati za mabomba ya nozeli, piga stata kidogo kidogo, si zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, uipumzishe betri. Mabomba yale usiyapapase kwa kidole kutafuta panapovuja injini ikiwa inafanya kazi: mafuta yale yana msukumo wa kutoboa ngozi, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali hata likionekana dogo kama la sindano. Na dizeli chafu uliyoikinga isimwagwe mferejini. Maji yale yanakwenda kwenye mpunga wa mtu.

Filta haizuii kila kitu, niseme ukweli. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli yanapita bila kizuizi na yanaikausha pampu. Uchakachuaji ule ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Kwa hilo, nunua mahali unapopaamini.

Nilichobadilisha kwangu ni malipo. Dereva analipwa kwa ekari kama zamani, lakini kila saa 200 kwenye mita ya saa za injini anapewa pia fedha ya ekari moja kwa ajili ya filta, na filta mbili mpya zinakaa kwenye boksi la vifaa muda wote. Bei ya filta haifiki bei ya dizeli ya siku moja ya kazi, kwa hiyo sioni sababu ya kuitafuta siku ambayo trekta imezima. Sharti langu ni kwamba ya zamani nionyeshwe, na saa ziandikwe kwenye daftari. Tangi linajazwa jioni, si asubuhi, ili hewa ya unyevu isikae humo usiku kucha na kugeuka matone. Dumu linatulia usiku mzima, na mafuta ya chini kabisa hayanyonywi.

Wiki mbili zilizopita aliniita mwenyewe, kikombe mkononi. Chini kulikuwa na matone mawili ya maji, makubwa kama punje za mahindi, na saa zilikuwa 140 tu tangu filta ya mwisho. Hakungoja 200. Tukaenda pamoja kuangalia dumu jipya tulilolinunua mwezi ule, tukakuta mfuniko wake una ufa.